Asiyehesabiwa Hasalimiwi

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Hadithi yangu haina sungura wala fisi, na anayetaka majini aende kwa mwingine. Ina watu tu, watu wa nchi ya Maelfu, ambayo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ngwali alifika huko akarudi, na tangu arudi hapendi kabisa kumsikia mtu akitaja namba kubwa.

Huyu Ngwali alikuwa fundi saa, mtu wa makamo, mpole, mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao. Akifunga mlango hurudi kuusukuma. Kitu kimoja tu kilimtuliza roho: sataranji. Lakini kwao mchezo ulikuwa umekufa. Wengine walihama, wengine waliingia kwenye siasa, na mwenzake wa mwisho, Mzee Athmani, alifariki katikati ya mchezo, zamu ikiwa yake. Ngwali hakuwa na moyo wa kuzikusanya zile kete. Ubao ulikaa mezani ukila vumbi, na mkewe akawa anafagia kwa kuuzunguka. Basi siku moja akasikia kwamba iko nchi iitwayo Maelfu ambako kila mwenye pumzi anacheza sataranji. Akafunga duka. Njia aliyopita siielezi. Njia ni njia, ina vumbi na ina vyoo vibovu.

Langoni alimkuta karani mwenye tabasamu.

"Umewahi kucheza sataranji?" karani aliuliza.

"Ndiyo, tangu utotoni."

Karani akainua uso, akamtazama kama anayetazama mtu aliyekuja sokoni na ng'ombe mabegani. "Hilo jibu sijawahi kulipata," alisema. "Haya, mmoja. Mkeo naye?"

"Mke wangu hataki hata kuisikia."

"Kumbe ameshaisikia. Wawili. Nyumbani kwenu iko sakafu ya vigae vyeupe na vyeusi?"

"Bafuni."

"Mnaoga wangapi?"

Ngwali, kwa adabu zake, akajibu. Basi mtu aliyefika langoni peke yake na kikapu cha nguo akaingia nchini akiwa watu saba. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua kama anataniwa, kisha alipoona karani hacheki, akakikumbatia kikapu chake.

Sheria ya Maelfu ni kwamba kila mgeni lazima awe na mwenyeji wa kumjibia. Ngwali alikabidhiwa kwa Bi Kidawa, mwanamke mshonaji, mrefu, mwenye maneno machache na macho yanayosikiliza. Alimpokea vizuri, akampa chumba, akampa maji ya kuoga, akampikia. "Karibu, kaka Ngwali," alisema. "Ila nakuomba kitu kimoja. Ukitembea mjini, msalimie yule tu ninayemsalimia mimi." Ngwali akafikiri ni mambo ya ujirani, majirani wana ugomvi wao, akakubali.

Mji wenyewe, jamani! Mapaa yana vichwa vya farasi. Nguzo za barabarani zimechongwa kama ngome. Watoto wamevaa mataji ya karatasi. Pale uwanjani mama mmoja mzee aitwaye Bi Mize alikuwa akiuza mikate yenye umbo la mfalme, na Bi Kidawa alimwinamia: "Shikamoo, Bi Mize." "Marahaba, mwanangu." Ngwali naye akaamkia, akaitikiwa, akanunua mkate, na kwa furaha akauliza: "Mama, hapa mnapenda kuanza na askari yupi?"

"Askari gani, baba?"

"Wa sataranji. Au wewe hupenda kuwatoa farasi kwanza?"

Bi Mize akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi ninauza mikate. Farasi anakwendaje sijui wala sijawahi kumwona akienda. Lakini nimehesabiwa, nashukuru Mungu, na nimehesabiwa mara nne. Mara moja kwa kupita hapa uwanjani, mara moja kwa mikate, mara moja kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa na shati la mirabaraba. Ya nne nimeisahau."

Hapo uwanjani kulikuwa na meza mamia, kila meza na ubao wake. Ngwali aliikimbilia iliyo karibu, na moyo wake ukamshuka. Zile nyumba za ubao, yaani vile vipande vyeupe na vyeusi vinavyokaliwa na kete, zote zilikuwa zimekodishwa. Hii ina tangazo la sabuni, ile la mafuta ya nywele, ile la majani ya chai. Kete zilikuwa zimepangwa chini ya meza, kwenye sinia, na sheria ilikataza kuziweka juu ya ubao zisije zikafunika matangazo. Ngwali akainama akazitazama zile kete. Mtu aliyesafiri kote kule kwa ajili ya mchezo mmoja, hebu mfikirieni.

Kesho yake aliitwa kwenye Baraza la Makadirio. Juu ya mlango pameandikwa kwa dhahabu: *Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.* Aliyeongoza Baraza ni Mkadiri Mkuu, Bwana Shomvi, ambaye pia ndiye mwenye Kampuni iliyopewa mkataba wa kuusimamia mchezo nchi nzima. Msimfikirie kuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa mtanashati, ananukia udi, sauti yake ya kubembeleza mtoto alale. Alimkalisha Ngwali karibu yake, akamwambia asikilize jinsi watu wastaarabu wanavyohesabu.

Mjadala wa siku hiyo ulikuwa juu ya marehemu. Mjumbe mmoja mnene alisimama akauliza wafu wahesabiwe mpaka lini.

"Kuna aliyemsikia marehemu yeyote akisema amejitoa?" Bwana Shomvi aliuliza.

Wakatazamana. Hakuna.

"Basi yupo. Anafikiria tu hatua yake."

Wakapiga makofi. Ngwali akamkumbuka Mzee Athmani, maana maneno yaleyale aliwahi kujiambia mwenyewe, usiku mwingi, mbele ya ule ubao wenye vumbi. Akasimama mjumbe mwanamke akauliza habari za watoto walio tumboni, kwa kuwa wanapiga teke, na teke ni hatua. Hoja ikapita bila upinzani. Kisha kijana mmoja wa nyuma, mgeni kazini bila shaka, akasema kwa sauti ya kutetemeka: "Waheshimiwa, idadi tunayokwenda nayo ni milioni tisini. Nchi nzima ina watu milioni mbili."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Bwana Shomvi hakukasirika. Alimtabasamia yule kijana kama baba. "Mwanangu, umelitamka jambo la fahari," alisema. "Sisi ni nchi pekee duniani yenye wachezaji wengi kuliko wakazi. Hiyo ndiyo dalili ya kuupenda mchezo." Makofi yalivuma tena, na yule kijana naye akapiga, haraka kuliko wote.

Walipotoka Ngwali alijikaza. "Bwana Shomvi, mimi nilitamani kucheza mchezo mmoja tu. Hata na mtoto."

"Kucheza?" Bwana Shomvi alimshika mkono, akamvuta pembeni kama anayemhifadhia aibu. "Ndugu yangu, wewe ni mtu mzima. Wakicheza wawili, mmoja hushindwa. Aliyeshindwa, kwa kanuni zetu za tangu mababu, hutolewa. Asubuhi unao wawili, jioni unaye mmoja. Biashara gani hiyo? Kampuni ilipoupokea mchezo huu watu walikuwa wakicheza kwenye kila kibaraza, na idadi inashuka kila siku, inatia huruma. Tukasimamisha michezo, na tazama sasa! Wenye sabuni wananunua vichwa, hawanunui hatua za farasi."

Ngwali alirudi akipita vichochoro vya nyuma, kichwa kinamzunguka. Karibu na nyumba ya Bi Kidawa alimkuta mwanamume ameketi kizingitini pa nyumba ya pili, ndevu hazijanyolewa, mikono yenye makovu ya saruji. Akafanya kama alivyolelewa. "Asalaam aleikum, ndugu yangu."

Yule mtu akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akatazama nyuma yake kuona anayesalimiwa ni nani. Akafungua kinywa, akafunga. "Wa... wa aleikum..." Hakuweza kumaliza. Akajifunika uso kwa kanga kuukuu aliyokuwa amejitanda, akalia, mtu mzima na ndevu zake, analia kwa sauti.

Bi Kidawa akatoka mbio, akamvuta Ngwali ndani kwa mkono wa shati, akafunga mlango. "Nimekwambia nini mimi? Nimekwambia nini?" Akachungulia dirishani. "Kuna aliyekuona?"

"Sijui. Huyo ni nani?"

"Kaka yangu. Mbaraka." Akakaa chini. "Ni fundi wa vigae. Ule uwanja wote aliuweka yeye, cheupe na cheusi, cheupe na cheusi, mpaka magoti yakaota sugu. Walipokuja kuhesabu wakamhesabu kwa kila kigae. Akawaambia, mimi nimepanga vigae, sichezi, niondoeni. Wakamwondoa. Na hapa kwetu, kaka Ngwali, asiyehesabiwa hasalimiwi. Hapigiwi hodi. Akipiga hodi haitikiwi. Akipiga chafya haombewi. Mkewe alivumilia kidogo akaenda kwao. Mimi mwenyewe, dada yake wa tumbo moja, humwekea chakula mlangoni kwake na kukohoa. Kukohoa hakujakatazwa. Tangu mwaka juzi, wewe ndiye mtu wa kwanza kumtolea salamu."

Ngwali akaketi karibu naye. Kule kwao hata adui unamsalimia kwanza ndipo umtukane. Akajaribu kuwaza siku moja tu bila mtu kumuuliza ameamkaje, akashindwa.

"Ngoja nikwambie na lililobaki, maana hawajakwambia," Bi Kidawa alisema. "Idadi yetu haiwi kweli mpaka mgeni aitamke. Ndiyo kawaida yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mwaka huletwa mgeni, akasimamishwa uwanjani, akaulizwa, akataja namba. Akishaitaja imefungwa, hata Bwana Shomvi hawezi kuigusa mpaka mwaka mwingine. Ijumaa ni zamu yako."

"Na nisipoitaja?"

"Wewe utakwenda zako salama. Anayepunguzwa ni mwenyeji wako." Alilisema hivyo tu, kama anayetaja bei ya uzi. Kisha uso ukamkunjika. "Nakuomba. Mimi si shujaa. Nimemwona Mbaraka, na siwezi. Sema milioni tisini, ule wali wako, uende."

"Nitasema," Ngwali alijibu. "Wallahi nitasema. Namba ni upepo tu."

Bi Kidawa akapumua. Akainuka, akaenda uvunguni mwa kitanda, akarudi na kitu kimefungwa kwa kanga. Ngwali alijua ni nini hata kabla hajakifungua. Ubao wa mti, mkongwe, mweupe na mweusi bila tangazo lolote, na kete zake zilizolainishwa na vidole vya watu. "Wa mama yangu," alisema. "Alinifundisha kabla ya Kampuni. Hucheza peke yangu, mkono huu na mkono huu. Ila mkono mmoja siku zote unajua mwenzake anakusudia nini."

Walitazamana. Ngwali alinyoosha mkono kumgusa farasi, na Bi Kidawa akaufunika ubao haraka. "Usinitie majaribuni. Mmoja wetu atashindwa, na kuta zina masikio."

Siku zilizobaki Ngwali hakula vizuri. Alifanya mazoezi mbele ya kioo: milioni tisini, milioni tisini. Kila akiitamka iliteleza kwa wepesi zaidi, na hilo ndilo lililomtisha. Nje, Mbaraka alikuwa akikaa kizingitini kila asubuhi, na Ngwali, kila akipita, alikohoa.

Ijumaa uwanja ukajaa. Watu wa sabuni walikaa mbele kwenye viti vya mito. Bendera alizozishona Bi Kidawa zilipepea, na Bi Kidawa mwenyewe alisimamishwa chini ya jukwaa, mahali pa mwenyeji, watu wote wamwone. Ngwali alipanda jukwaani. Aliona Bi Mize na sinia lake la mikate. Aliona, kule pembeni kabisa, Mbaraka amesimama juu ya vigae alivyoviweka mwenyewe, na watu wanampita kama wanavyopita nguzo.

Bwana Shomvi akainua mkono, akauliza kwa maneno yaleyale yanayoulizwa kila mwaka: "Mgeni wetu mpendwa, umetembea kwetu, umekula kwetu. Umewaona wachezaji wangapi?"

Jamani, mtego ulikuwa hapo. Ngwali alikuwa amejiandaa kuulizwa mpo wangapi. Hilo angelijibu, kwani yeye anajua nini? Lakini ameulizwa ameona wangapi, na mtu hawezi kumtuma mwingine akamwonee. Akamtazama Bi Kidawa, akisubiri ishara, maana asubuhi walipatana kwamba akimtikisia kichwa ndipo aitaje ile milioni tisini.

Bi Kidawa hakutikisa kichwa. Alikuwa amegeuka, anamtazama kaka yake. Mwanamke mmoja alikuwa amemkanyaga Mbaraka mguu, na hata hakugeuka kumwambia samahani, kwa sababu samahani nayo ni salamu. Bi Kidawa aliona, na Ngwali alimwona akiona. Kisha akageuza uso kwa Ngwali, macho yamejaa maji, hofu imemjaa mpaka shingoni, akainua vidole viwili.

"Wawili," Ngwali alisema.

"Mgeni anatania," Bwana Shomvi alisema upesi.

"Sitanii. Nimewaona wawili wanaojua farasi anakwendaje. Mmoja ni mwenyeji wangu, na wa pili ni mimi."

Basi ikawa imetamkwa, na kilichotamkwa na mgeni kimefungwa. Mngewaona! Watu milioni mbili, waliokuwa milioni tisini asubuhi ile, kufumba na kufumbua wakawa hawahesabiwi tena. Mtu akageuka kumwambia jirani yake "umesikia?" akakumbuka kwamba jirani hasalimiwi, wala yeye hasalimiwi, wakabaki wanatazamana midomo wazi. Akina mama waliwakumbatia watoto bila neno. Uwanja mzima ulinyamaza, na kimya hicho kilikuwa na hofu ndani yake. Mbaraka peke yake hakushangaa. Alikuwa amekizoea.

Bwana Shomvi alisimama amefumba macho. Ngwali akafikiri mtu atazimia. Loo! Hamumjui mfanyabiashara. Alipofumbua, tabasamu lilikuwa limerudi mahali pake.

"Wawili!" alipaza sauti, akiwageukia watu wa sabuni. "Mabwana, mmesikia? Nchi nyingine zina wachezaji kama mchanga. Sisi tunao wawili tu. Adimu kuliko lulu! Nani atakuwa na sabuni yake karibu na wawili hawa?" Watu wa sabuni walinong'onezana, wakakubaliana kwa vichwa, wakaanza kushindana bei. Kabla Ngwali hajajua linalotendeka, meza ilikuwa imepandishwa jukwaani, yeye upande huu na Bi Kidawa upande ule, shada la maua shingoni kila mmoja, ubao wenye matangazo katikati.

"Mtakaa hapa kila siku, mchana kutwa," Bwana Shomvi aliwanong'oneza, mkono mmoja kwenye bega la kila mmoja. "Watu watalipa kiingilio. Mtatazama ubao, mtashika kidevu, mtafikiri. Ila msicheze. Sikilizeni vizuri: msicheze. Mkicheza mmoja atashindwa, atatolewa, nami nitabaki na mmoja. Na mmoja hauziki. Bi Kidawa, wewe unaujua mlango wa kaka yako. Sitaki kukuona umeketi upande wake."

Akashuka kwenda kwenye bei zake. Ngwali alipumua. Basi, alijiambia, tumepona. Bi Kidawa hatapunguzwa, atasalimiwa, kazi ni kukaa tu. Akamtazama kumpa pole ya macho, na akamkuta amejiinamia kana kwamba anatafuta kiatu. Alipoinuka alikuwa na sinia la kete. Akaliweka mezani, akaanza kuzipanga, mfalme juu ya sabuni, malkia juu ya mafuta ya nywele, bila haraka, kama mtu anayepanga vyombo kwake.

"Bi Kidawa, utajiponza," Ngwali alinong'ona. "Mimi ni mzoefu. Ukishindwa je?"

"Nikishindwa nitakuwa nimecheza." Akamweka farasi wa mwisho mahali pake. "Miaka yote nacheza na mkono wangu wa kushoto. Na wewe, kaka, usinihurumie. Ukiniachia nitajua, na hapo utakuwa umeniongopea kuliko hawa." Akamsukuma askari wake hatua mbili. "Zamu yako."

Watu wa sabuni walipiga kelele kwamba nyumba zao zimefunikwa. Bwana Shomvi alirudi mbio, lakini kanuni ya mababu ilikuwa wazi hata kwake: mchezo ukishaanza haukatizwi na mtu. Akabaki amesimama chini ya jukwaa, mikono kichwani, udi wote umegeuka jasho.

Wakacheza. Bi Kidawa alicheza vizuri, kwa ujasiri wa mtu asiye na cha kubakiza. Watu waliokuwa wanataka kwenda zao wakasita. Hawakuwahi kuona kete ikienda. Farasi wa kwanza aliporuka juu ya askari, kuna aliyesema "he!" Wakasogea. Wa nyuma wakapanda viti vya mito vya watu wa sabuni. Hakuna aliyemsemesha mwenzake, ila walisukumana viwiko na kuonyesheana kwa vidole, na Bi Mize alijipenyeza mpaka mbele kabisa, sinia kichwani, jicho halibanduki ubaoni.

Kisha Ngwali akaiona. Farasi wa Bi Kidawa alikuwa ameachwa peke yake upande wa kushoto, na akimla huyo, mfalme hana pa kukimbilia. Aliuondoa mkono mezani, akaurudisha, akauondoa. Angeweza kumwacha. Nani angejua? Angekwenda zake, naye Bi Kidawa angeendelea kuitikiwa shikamoo yake asubuhi. Alimtazama. Bi Kidawa alikuwa anamtazama yeye, si ubao, na alikuwa anangoja kuona huyu mgeni ni mtu wa aina gani. Ngwali akamla yule farasi.

Baada ya hatua chache Bi Kidawa alimshika mfalme wake mwenyewe, akamlaza polepole juu ya tangazo la sabuni. Akacheka. Alicheka kwa raha, machozi yakimtiririka. "Umenifunga kweli," alisema. "Ahsante."

"Mchezaji ni mmoja!" Bwana Shomvi alilia, sauti imepasuka. "Huyu mwanamke ametolewa! Msikie nyote!"

Bi Kidawa akavua shada la maua, akaliweka mezani, akashuka ngazi. Watu wakampisha, macho chini. Ngwali alisimama juu, akimfuata kwa macho. Nimemfanya nini, alijiuliza, nimemfanya nini mwanamke huyu aliyenipikia? Bi Kidawa alifika mbele ya Bi Mize. Na kwa mazoea ya miaka yote, kwa sababu ulimi hausahau adabu kwa siku moja, magoti yakamwinama kidogo.

"Shikamoo, Bi Mize."

Bi Mize alimtazama Bwana Shomvi. Akamtazama Mbaraka kule pembeni, na ile mikono yake yenye saruji. Akalishusha sinia la mikate chini, kwenye vigae, akajishika kiuno.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Lakini hebu niambie, yule farasi wako, ulimwachaje peke yake vile?"